Kuanza kazi ya kubeba mizigo kwa pikapu na remorke mjini Lubumbashi

Mtu anayetaka kuanza kazi ya kubeba mizigo hapa Lubumbashi kwa kawaida huuliza kwanza anunue gari gani, kisha huuliza wateja atawapata wapi. Mimi humwomba atangulize swali jingine: ni kilo ngapi anazoweza kubeba bila kuvunja sheria wala gari lake? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua gari, remorke (tela linalovutwa na gari), leseni ya udereva, bei, na hata wateja atakaowakubali na atakaowakataa. Wenzangu niliowaona wakiiacha kazi hii mapema hawakukosa wateja. Walivunja ekseli, waliunguza klachi, walipasua tairi katika njia ya Likasi, na faida yao yote ikaishia mikononi mwa fundi.

Waswahili husema mzigo mzito mpe Mnyamwezi, na sisi wa Katanga tunayo sababu yetu ya kuikumbuka methali hiyo, kwa kuwa Msiri, aliyejenga ufalme wa Garenganze kule Bunkeya katika karne ya 19, alitoka upande huo huo wa Unyamwezi, na utajiri wake ulisafiri juu ya mabega ya wapagazi waliobeba shaba na pembe za ndovu. Mpagazi aliujua mzigo wake kwa mwili. Mwenye pikapu hausikii begani, na kwa hiyo hana budi kuuhesabu.

Anza kwa kuvijua vitu vinavyosafirishwa sana mjini kwetu. Mfuko wa simenti una kilo 50, kwa hiyo mifuko 20 ni tani moja kamili. Mchanga mkavu una takriban tani moja na nusu kwa kila mita moja ya ujazo, na ukinyeshewa hukaribia tani mbili, jambo ambalo huwaponza wengi wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Machi, kwa kuwa mzigo unaoonekana uleule kwa macho huwa umeongezeka kilo mia kadhaa. Makala, yaani makaa ya kupikia, hudanganya kwa namna nyingine: gunia ni jepesi kwa ukubwa wake, na gari hujaa kwa kimo kabla ya kujaa kwa uzito, hata likaanza kuyumba katika kona kama mtu aliyebeba kapu kubwa kichwani.

Sasa tuhesabu. Tuseme pikapu yako imeandikiwa kubeba kilo 1000, na remorke yako ina kibao kinachosema uzito wake ukiwa na mzigo usizidi kilo 1500, nayo yenyewe ikiwa tupu ina kilo 400. Remorke itabeba kilo 1100, yaani mifuko 22 ya simenti. Kwenye pikapu, toa kilo 150 za wewe na msaidizi wako, toa kilo 50 za vifaa na gurudumu la akiba la remorke, kisha toa kilo 150 ambazo ulimi wa remorke, yaani chuma chake cha mbele kinachoiunga na gari, unakandamiza nyuma ya pikapu, na hizi ndizo watu wengi husahau. Zimebaki kilo 650, sawa na mifuko 13. Jumla yake ni mifuko 35. Mteja anayeitazama pikapu na remorke vikiwa vimesimama mbele ya duka huona nafasi ya mifuko 50, na atakuambia: “Papa, ongeza tu kidogo, ni hapa karibu, Katuba.” Mjibu kwa heshima kwamba utarudi mara ya pili, na umtajie bei ya mara ya pili. Angalia pia katika kitabu cha gari uzito wa juu unaoruhusiwa kuvutwa, na uzito wa juu wa gari na remorke kwa pamoja, kwa maana idadi yoyote kati ya hizo iliyo ndogo ndiyo inayotawala.

Ukienda kununua remorke, usivutiwe na rangi. Iliyotoka kiwandani ikiwa na kibao cha uzito ni bora kuliko iliyochomelewa na fundi wa mtaani, lakini ukiwa na uwezo wa hii ya pili tu, simama karibu naye wakati anachomelea ulimi, na utake chuma cha ulimi kifike hadi chini ya bodi, kisishikwe kwa mbele pekee. Remorke yenye uzito wa zaidi ya kilo 750 inafaa kuwa na breki zake yenyewe. Halafu kuna kile kirungu cha chuma cha duara kinachofungwa nyuma ya pikapu, ambacho kichwa cha remorke hukalia. Vilivyo vingi vina kipenyo cha milimita 50, lakini viko pia vya inchi moja na saba ya nane, karibu milimita 48, na kwa jicho huwezi kuvitofautisha. Kichwa kikubwa kikikaa juu ya kirungu kidogo kitafunga vizuri, kitavutwa vizuri kwenye lami, kisha kitaruka na kuchomoka kwenye shimo la kwanza kubwa. Soma namba iliyochongwa juu ya vyote viwili, au pima kwa kalipa. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya ulimi kama msalaba, ili ulimi ukichomoka uangukie juu ya minyororo, usichimbe barabara.

Kuhusu kupakia nitasema kwa urefu, kwa sababu nililipia somo hili mwenyewe. Katika mwezi wangu wa pili nilipakia vigae na simenti kwa ajili ya mteja wa Likasi, na wapakizi, wakitaka kumaliza upesi, waliuweka mzigo mzito karibu na mlango wa nyuma wa remorke. Mimi nilikuwa nikijadiliana bei, sikutazama. Pikapu iliondoka ikiwa nyepesi kwa nyuma, na usukani ulikuwa laini kuliko kawaida, nami nikafurahia ulaini huo badala ya kuuogopa. Katika mteremko wa kwanza mrefu remorke ilianza kupiga kushoto na kulia, kwanza kidogo kama mkia wa mbuzi, kisha kwa nguvu iliyokuwa ikiisukuma pikapu yenyewe pembeni. Nilikanyaga breki, na hilo lilikuwa kosa la pili. Tulisimama nusu barabarani na nusu majanini, vigae kumi na kitu vikiwa vimevunjika, na msaidizi wangu hakusema neno hadi Likasi.

Kanuni yake ni hii: karibu sehemu sita kati ya kumi za mzigo zikae mbele ya ekseli ya remorke, na nne nyuma yake, ili ulimi ukandamize kwa takriban asilimia 10 ya uzito wote wa remorke, bila kuzidi kiasi kilichoandikwa kwenye chuma cha pikapu cha kuvutia remorke. Unaweza kuupima kwa kuweka ulimi juu ya mizani ya kupimia magunia kabla ya kuufunga. Remorke ikianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, usijaribu kuifuata remorke, na usikanyage breki ya gari. Mwendo ukipungua wenyewe, kuyumba kutakoma. Kisha simama uupange mzigo upya, hata kama giza linaingia. Funga bashi (turubai) na kamba, na baada ya kilomita chache za kwanza usimame tena kukaza kamba, kwa kuwa kila mzigo hushuka kidogo unapotikiswa.

Magari yetu mengi yana usukani wa kulia ilhali tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo dereva hawezi kuona mbele ya lori analotaka kulipita bila kulitoa gari lake zima. Kwenye njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yenye msururu wa malori ya shaba, ushauri wangu ni kutopita kabisa ukiwa unavuta, labda msaidizi aliyeketi kushoto awe mtu unayemwamini kama macho yako. Kurudi nyuma jifunze uwanjani kabla ya kumjaribia mteja: shika usukani kwa chini, na usogeze mkono upande ule unaotaka remorke iende.

Karatasi zina mpangilio wake. Usajili wa kampuni hupitia dirisha moja la kuunda biashara (guichet unique), ofisi unakopata namba ya RCCM, yaani ya daftari la biashara, namba ya kitaifa na namba ya kodi. Tangu Kongo ilipojiunga mwaka 2012 na OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, mtu binafsi mwenye shughuli ndogo anaweza pia kujitangaza chini ya hadhi nyepesi inayoitwa kwa Kifaransa entreprenant, nayo yatosha kwa mwenye gari moja. Gari liwe na karte roze (kadi ya usajili wa gari) kwa jina lako, na bima ya lazima. Mwombe mwenye bima aandike remorke ndani ya mkataba, na ukumbuke kwamba bima hiyo hulinda watu wengine barabarani, hailindi simenti ya mteja. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani huiruhusu leseni ya B gari la hadi kilo 3500 na remorke ya hadi kilo 750. Remorke nzito kuliko hiyo huhitaji aina E, isipokuwa kama haizidi uzito wa gari likiwa tupu na uzito wa juu wa gari na remorke kwa pamoja hauzidi kilo 3500.

Sheria ya OHADA kuhusu mikataba ya kubeba bidhaa barabarani, iliyoanza kutumika mwaka 2004, inasema kwamba mbebaji ana wajibu juu ya mzigo tangu anapoupokea hadi anapoukabidhi. Kwa sababu hiyo andika karatasi ya mzigo kila safari: tarehe, mtumaji, mpokeaji, aina ya bidhaa, idadi, uzito, bei. Andika pia kilichokuwa kimechanika au kulowa kabla hujakigusa, na utie sahihi pamoja na mteja. Kuhamisha nyumba hakumo katika sheria hiyo, kwa hiyo anayehama nyumba muandikiane makubaliano yenu wenyewe, mkitaja vioo, televisheni na friji moja moja. Magunia ya mawe ya madini ambayo mwenyewe hana karatasi zake usiyapakie kwa bei yoyote, kwa maana Sheria ya Madini haimbani mwenye mali peke yake, humbana hata anayesafirisha.

Bei usiikopi kwa jirani. Chukua safari ya Likasi, kilomita 120 hivi. Pikapu ya dizeli inayotumia lita 15 kwa kilomita 100 ikiwa imejaa, na lita 11 ikirudi tupu, itakunywa takriban lita 31 kwenda na kurudi. Ongeza peaji (ada ya barabara), chakula na malipo ya msaidizi, wapakizi, kisha fungu la tairi na fungu la ukarabati, ambayo yasipowekwa kando kila safari yatadai yote kwa siku moja. Mwisho weka malipo yako. Ukipata mzigo wa kurudi, hata wa nusu bei, ni sehemu kubwa ya faida yako, kwa hiyo piga simu kwa wenye maduka ya Likasi kabla hujaondoka. Wateja wa kudumu ni maduka ya vifaa vya ujenzi. Mahindi ya njia ya Kasenga huja baada ya mavuno na hulipa vizuri kwa miezi michache.

Kila unaposimama baada ya nusu saa ya mwendo, zunguka remorke na uguse kitovu cha kila gurudumu kwa mgongo wa mkono. Kikiwa vuguvugu, endelea. Kikiwa cha moto kiasi cha kukufanya uuondoe mkono, beringi imekosa grisi au imekazwa mno, na safari inaishia hapo hadi uifungue.