Ng'ombe ana homa au anahitaji dume? Pima hivi kabla hujadunga sindano

Wafugaji wenzangu wa Mwanza, kuanzia Kisesa mpaka Misungwi, hii tabia ya kushika sikio la ng'ombe ukalikuta la moto ukakimbilia antibayotiki tuiache kabisa, maana joto la jike linapanda na kushuka kwa homoni tu bila ugonjwa wowote.

Tafuta temometa ya dijitali, ifunge uzi isije ikapotelea ndani. Pima alfajiri kabla hajatoka zizini, mchana jua na ule mwendo wa kwenda kunywa maji ziwani vinampandisha joto. Ipake mafuta, iingize njia ya haja kubwa, iinamishe iguse ukuta wa utumbo sio kinyesi, subiri ilie. Ng'ombe mkubwa mzima ni kama 38 mpaka 39.3. Mpime na siku akiwa mzima, andika kwenye daftari ujue kawaida yake.

Sasa namba isome pamoja na uzazi, na hapa ndo wengi tunapotea. Anayehitaji dume anahangaika, anapanda wenzake, anatoa ute unaovutika kama wa yai, na joto linaweza kupanda nusu digrii hivi, huyo mwitie mtu wa uhimilishaji, yaani wa kupandikiza mbegu. Mwenye mimba kubwa ni kinyume, siku moja au mbili kabla ya kuzaa projesteroni, ile homoni inayotunza mimba, inaporomoka na joto linashuka, tena mwaka 1978 watafiti walionyesha kwa kondoo kwamba jike akikaribia kuzaa mwili wake hautoi homa kama kawaida, kwa hiyo kwa huyo usiamini temometa peke yake, angalia kama anakula na kucheua.

Ikifika 40 kwenda juu, hataki kula, matezi chini ya sikio na mbele ya bega yamevimba, fikiria ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, mpigie afisa mifugo siku hiyohiyo.

Madume nayo jamani! Testosteroni, homoni ya kiume, huwa inapunguza nguvu ya kinga, kwa wanyama wengi dume ndo anabeba vimelea zaidi, kwa hiyo beberu hata akiwa na misuli mpekue masikio na chini ya mkia. Mbuzi jike kinga yake ya minyoo inalegea karibu na kuzaa mpaka wiki kadhaa za kunyonyesha, mfunue kope kila wiki, zikipauka damu imepungua. Dawa ya minyoo kwa mwenye mimba uliza kwanza, zingine zinaharibu mimba changa.