Goti linauma, lakini anza kwa kutazama nyonga

Hatua ya kwanza: mtafutie mgonjwa mahali tambarare, umtazame anavyotembea. Hapa Lamu, barabara ya mbele ya bahari yafaa. Mchanga wa Shela usiutumie, hata mzima hubadili mwendo akiukanyaga. Kanzu na buibui huficha kiuno, kwa hivyo afunge leso juu ya mifupa ya kiuno, kisha aende na kurudi.

Hatua ya pili: sikiliza. Mguu unaouma hukanyaga kwa muda mfupi. Unyayo ukipiga kofi chini na goti likainuliwa kama la anayevuka kizingiti, misuli ya mbele ya muundi imelegea. Mara nyingi ni neva iliyobanwa mgongoni au kando ya goti, upande wa nje. Anayesukuma paja kwa mkono kila akikanyaga, misuli ya mbele ya paja ni dhaifu.

Hatua ya tatu ni nyonga, na hapa usiwe na haraka. Kwanza hakikisha miguu inalingana urefu, maana mguu mfupi hupinda kiuno peke yake. Kisha asimame kwa mguu mmoja sekunde 30, kidole kikigusa ukuta tu, nawe nyuma yake umweke vidole gumba kiunoni. Akisimamia mguu wa kulia kiuno kikashuka kushoto, dhaifu ni nyonga ya kulia, si ya kushoto. Misuli ya kando ya nyonga ndiyo inayozuia upande wa pili usishuke. Wengine kiuno hakishuki, bali kiwiliwili hulalia upande wa mguu uliokanyaga. Huo pia ni udhaifu, au ni maumivu ya kiungo chenyewe. Kutenganisha, alale chali, kunja goti, uzungushe nyonga kwa ndani polepole. Akiumwa kinenani, shuku gegedu, yaani mfupa laini wa kiungo cha nyonga. Shangazi mmoja wa Langoni alikandwa goti kwa mafuta ya simsim miezi mingi, kumbe ugonjwa uko juu: neva za nyonga hufika gotini pia.

Hatua ya nne: bakora. Mimi naiamini kuliko mkanda wowote wa goti, ila ishikwe mkono wa upande usiouma, kishikio kifike mkunjo wa kifundo cha mkono, mkono ukining'inia, na ncha iwe na mpira.

Unyayo uliolegea ghafla, mkojo usiozuilika, au mtoto anayechechemea akiwa na homa: hospitali siku hiyo hiyo.