Kokteli ya zabibu za Dodoma, unatengeneza mwenyewe nyumbani

Jamani jua la Dodoma mnalijua, saa nane mchana hata kivulini kunachoma, sasa jioni ukitaka kitu cha baridi usikimbilie juisi ya boksi wakati zabibu zimejaa Majengo sokoni. Kwetu mzabibu unavunwa mara 2 kwa mwaka kwahiyo bei ikishuka beba kilo nzima, chagua zile nyeusi zilizoiva mpaka ukigusa zinaachia kikonyo zenyewe.

Asubuhi zioshe, zikaushe na kitambaa, nusu zitie friza. Hizo ndo barafu yako! Barafu ya maji ikiyeyuka kinywaji kinachujuka, ila zabibu iliyoganda inapoza na ladha inabaki vilevile, halafu mwishoni unaitafuna.

Jioni sasa, kwa glasi 2 chukua zabibu kama 30 ambazo hazijaganda, ziponde kwenye bakuli na mwiko wa mbao. Nawaomba sana msitumie blenda, zabibu zetu nyingi zina mbegu na blenda inazisaga, unapata uchungu fulani unaganda kwenye ulimi na hata uongeze sukari hautoki. Ponda taratibu, ganda likipasuka inatosha, chuja na chujio la chai huku unakandamiza na mgongo wa kijiko mpaka yabaki makapi makavu, utaona maji yametoka rangi ya zambarau imekolea.

Mimina kwenye kopo lenye mfuniko unaokaza, mi natumia kopo la siagi ya karanga, kamulia ndimu 1, weka Konyagi vijiko 6 vya chakula (pima kabisa, ile ni pombe kali ya asilimia 35 usikadirie kwa macho), barafu ya maji vipande vitatu vinne vya kutikisia tu, funga tikisa kwa nguvu sekunde 15 hivi mpaka kopo litoe jasho kwa nje. Chujia kwenye glasi zenye zile zabibu za friza, ndo umalizie na Stoney Tangawizi ya baridi. Soda usiitie kwenye kopo ukatikisa, italipuka ikuchafue wewe na ukuta. Sukari sijaweka makusudi, Stoney inatosha.

Wifi yangu hagusi pombe, yeye badala ya Konyagi namkorogea unga wa ubuyu kijiko 1 kwenye maji kidogo, ndimu naipunguza nusu maana ubuyu wenyewe mkali, na kusema kweli glasi yake ndo huwa inaisha kwanza.