Namna ya kuandika wasifu wa bibi aliyekuwa mama wa nyumbani

Wasifu wa marehemu, ule unaosomwa siku ya mazishi, una ngazi za kushikilia akiwa mtu aliyeajiriwa: kazi ya kwanza, cheo, kustaafu. Bibi aliyeshinda nyumbani maisha yake yote hana hizo, ndiyo maana waandishi wengi hujaza karatasi kwa sifa: mkarimu, mpole, mchapakazi. Zinamfaa bibi yeyote. Msikilizaji anataka kumtambua huyu mmoja.

Anza na majina na tarehe, maana hapo ndipo ugomvi huzuka. Panga watoto kwa kufuatana kuzaliwa, pamoja na waliotangulia mbele ya haki, kisha wasomee orodha wazee wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Ukiwaweka pamoja, mmoja humwitikia mwenzake hata pasipo sahihi. Wajukuu wahesabu kwa majina, usikisie, aliyesahauliwa hasahau. Hati zikipingana kuhusu mwaka wa kuzaliwa, andika "miaka ya 1940" uendelee.

Sasa kusanya habari zenyewe. Ukiuliza "Bibi alikuwa mtu wa namna gani?" utajibiwa "alikuwa mtu wa watu," na mazungumzo yameishia hapo. Uliza vitu: akiamka alishika nini kwanza? Funguo alizificha wapi? Akikasirika alitumia neno gani? Ndipo mtu atakuambia kwamba alikuwa akikuhesabia sarafu kiganjani mara mbili, halafu anachukua moja na kuirudisha kibindoni. Sentensi hiyo inasema ubanaji na upendo kwa pamoja, na hukulazimika kutaja lolote kati ya hayo mawili.

Rekodi majibu kwa simu. Ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, karibu na msemaji. Ikiwa juu ya meza tupu, kila kikombe kinachowekwa kitasikika kama nyundo. Zima feni na redio. Rekodi dakika moja, isikilize, ndipo uendelee.

Kwa kusoma taratibu, maneno 100 kwa dakika, wasifu wa dakika 5 ni maneno 500. Kuzaliwa, ndoa na watoto visizidi robo. Ugonjwa upe sentensi mbili. Nani alimuuguza na nani hakuja si habari za siku hiyo. Kote kulikobaki ni kwake: jikoni, uani, mlangoni.

Chapa kwa herufi za ukubwa wa 16, upande mmoja wa karatasi, kurasa zikiwa na namba. Kila ukurasa uishie kwenye nukta, usije ukageuza karatasi katikati ya sentensi. Soma kwa sauti mara tatu kabla ya siku yenyewe na uweke alama pale koo linapokaba. Mara nyingi si penye habari za kifo, ni pale penye sarafu. Nakala ya pili apewe mtu atakayekaa karibu nawe, naye awe ameshaisoma kwa sauti, ajue pa kupokelea.