Kuchagua Flanji ya Bomba: Anza na Presha na Joto

Flanji ni sahani nene ya mviringo yenye matundu ya bolti, inayowekwa kwenye ncha ya bomba ili bomba liunganishwe na bomba jingine, vali au pampu, na kiungo hicho kiweze kufunguliwa tena wakati wa matengenezo. Wanunuzi wengi huanza kwa kuulizia kipenyo na bei. Ni afadhali kuanza na presha ya juu kabisa itakayokuwamo ndani ya bomba pamoja na joto litakaloambatana nayo, kwa sababu mambo hayo mawili hayatenganishwi.

Katika kiwango cha Marekani cha ASME B16.5, kinachohusu mabomba ya nusu inchi hadi inchi 24, flanji zimepangwa katika madaraja ya 150, 300, 400, 600, 900, 1500 na 2500. Namba ya daraja siyo presha yenyewe. Flanji ya daraja la 150 iliyotengenezwa kwa chuma cha kaboni cha kawaida huhimili presha ya takribani bar 19.6 ikiwa baridi, lakini joto likifika nyuzi 200 za Selsiasi uwezo huo hushuka hadi bar 13.8, na kwenye nyuzi 400 hubaki bar 6.5 tu. Kwa hiyo flanji inayotosha kwa maji baridi yaweza kuwa hatari kwa mvuke wenye presha ileile.

Daraja likishajulikana, ndipo aina huchaguliwa. Flanji yenye shingo huchomelewa ncha kwa ncha na bomba, na shingo yake inayopungua unene polepole huhamisha mzigo kutoka kwenye flanji hadi kwenye bomba bila kuurundika mahali pamoja. Zaidi ya hayo, mshono wake unaweza kupigwa picha ya eksirei na kukaguliwa wote. Kwa presha kubwa, joto kali, mtetemo au kimiminika cha hatari, sioni sababu ya kuchagua nyingine, ingawa ni ghali na huhitaji fundi stadi. Flanji ya kuvalishwa hupitishwa juu ya bomba na kuchomelewa nje na ndani. Ni rahisi kuipanga, lakini haina ustahimilivu wa ile yenye shingo, hivyo ibaki kwenye kazi za presha ndogo.

Kwa mabomba membamba ipo flanji ya soketi, ambamo bomba huingizwa hadi mwisho, kisha hurudishwa nyuma kama milimita 1.6 kabla ya kuchomelewa, ili chuma kikitanuka kwa joto mshono usipasuke. Upenyo huo hukusanya uchafu na kuanzisha kutu, kwa hiyo flanji hii haifai kwa vimiminika vinavyokula chuma. Flanji ya hesi, inayozungushwa kwenye bomba kama skrubu, hutumika pale ambapo moto wa kuchomelea hauruhusiwi, lakini joto linalopanda na kushuka huweza kuilegeza. Flanji legevu huzunguka kwa uhuru nyuma ya kipande kilichochomelewa kwenye bomba, na kwa kuwa haigusani na kimiminika, yaweza kuwa ya chuma cha kaboni hata kama bomba ni la chuma cha pua. Flanji ya kuziba haina tundu la katikati.

Uso wa flanji nao una masharti yake. Uso ulioinuka, ambao sehemu inayozunguka tundu la katikati imenyanyuka kidogo, ndio wa kawaida. Ule wenye mfereji wa pete ya chuma ni wa presha na joto la juu sana. Flanji ya chuma cha kutupwa (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu) yenye uso bapa isifungwe na yenye uso ulioinuka, kwa sababu bolti zikikazwa huilazimisha kupinda, na chuma hicho hupasuka kabla ya kupinda. Itafutiwe mwenzake mwenye uso bapa, na gasketi, yaani kizibo bapa kinachowekwa kati ya flanji mbili kuzuia uvujaji, ifunike uso wote.

Hatimaye linganisha viwango. Kwa bomba la milimita 100, flanji ya daraja la 150 na ile ya PN 16, daraja la presha katika kiwango cha Ulaya, zote zina matundu manane, lakini duara linalopita katikati ya matundu lina kipenyo cha milimita 190.5 kwa ya kwanza na 180 kwa ya pili, hivyo haziingiliani. Usikubali kuyapanua matundu ili bolti zipite. Agiza flanji ya kiwango kilekile cha vali au pampu iliyopo.