Jinsi ya kukagua tufe la kioo la Kapteni Bogardus

Adam Bogardus wa Elkhart, Illinois, alilenga shabaha katika onyesho la Buffalo Bill, la maisha ya magharibi mwa Marekani, kabla mlenga shabaha maarufu Annie Oakley hajajiunga mwaka 1885. Alituachia kitu kilichotengenezwa ili kivunjwe: tufe la kioo lililorushwa hewani lipigwe bunduki badala ya njiwa hai. Lililo zima leo lilikoswa, au halikurushwa kabisa. Ndiyo maana naumia nikikuta mtu amelisugua kwa sabuni kabla ya kulitazama.

Hatua ya 1: Tandika taulo mezani na uvue pete. Tufe lina upana wa sentimita 6 na nusu hivi, na kioo chake ni chembamba. Lishike kwa viganja viwili, si kwa shingo.

Hatua ya 2: Mulika tochi kutoka ubavuni. Kiunoni kuna mkanda wenye jina BOGARDUS na tarehe ya hataza (haki rasmi ya uvumbuzi), Aprili 10, 1877. Juu na chini ya mkanda pitisha kidole. Utahisi miraba midogo iliyopishana kama wavu wa mvuvi. Hilo si pambo. Kwenye kioo laini marisau, zile punje ndogo za risasi, yaliteleza, tufe likaanguka zima ingawa mpigaji hakukosa. Bogardus aliufanya uso wake uwe wa kukwaruza ili marisau yashike.

Hatua ya 3: Kagua shingo, na hapa usiwe na haraka. Mpuliza kioo alilivunja kutoka kwenye bomba lake akashika jingine; nani angelainisha mdomo wa kitu cha kupasuliwa kesho? Kwa hiyo ukingo halisi ni mkali, haukunyooka, na umemeguka hapa na pale. Mdomo laini kama wa chupa ya manukato unanitia shaka: ama umesagwa baadaye, ama tufe ni la kuigiza. Nakusihi, usimpe fundi alipige msasa.

Hatua ya 4: Liinue dirishani utafute mapovu na mshono wa kalibu. Ukiona manyoya ndani, maji yasiingie kamwe. Mlenga shabaha mwingine, Ira Paine, alipata hataza ya tufe la kujazwa manyoya Oktoba 1877. Likipasuka, manyoya yalitawanyika kama ya ndege aliyepigwa.

Hatua ya 5: Futa vumbi kwa brashi laini, kisha liweke juu ya kitambaa kilichoviringishwa kama kata. Ulikolipata andika kwa penseli kwenye kadi. Usibandike chochote kwenye kioo.