Rafiki Yako Ana Sikio Zito? Namna ya Kumbakiza Kwenye Mazungumzo

Mstaafu akianza kukaa kimya kwenye kikundi, wenzake hutafuta sababu za mbali. Amenuna. Ana majivuno siku hizi. Tangu afiwe na mwenzi wake hajawa yule yule. Huenda kuna ukweli hapo, lakini naomba kabla ya yote uyafikirie masikio yake. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 25 ya watu waliovuka miaka 60 wana upungufu wa kusikia wa kiwango kinachotatiza maisha yao. Mkikutana wazee watano au sita, kuna kila dalili kwamba mmoja wenu yumo kwenye hesabu hiyo. Na kwa kuwa usikivu hupungua taratibu, mwaka baada ya mwaka, mwenyewe mara nyingi ndiye wa mwisho kujua.

Mpaka nastaafu nilikuwa opereta wa swichibodi ya simu. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha watu wawili wanaelewana hata laini ikiwa mbovu, na mbinu nilizojifunza pale ndizo ninazozitumia leo na marafiki zangu. Karibu zote zinamhusu yule anayesikia vizuri, kwa sababu mwenye sikio zito tayari anajitahidi kuliko sisi wote.

Dalili za mapema

Usisubiri aanze kusema "eee?" kila sentensi. Kabla ya hapo atacheka kidogo baada ya wengine kucheka, akifuata nyuso zao. Ataulizwa habari za mjukuu atajibu habari za mguu. Atageuza kichwa upande mmoja kila mara. Atalalamika kwamba vijana wanamumunya maneno. Ataacha kupokea simu, atapandisha sauti ya redio, na kwenye kikao ataaga mapema kwa sababu amechoka. Uchovu huo ni wa kweli: kubahatisha nusu ya kila neno kwa saa mbili mfululizo kunamaliza nguvu.

Kuna dalili moja inayowapoteza wengi, nayo ni mtu kuwa msemaji sana. Anayezungumza yeye hana haja ya kusikia. Rafiki yangu mmoja, muuguzi mstaafu, alianza hivyo. Akishika zamu ya kusema haiachi. Baadaye akanyamaza kabisa, kisha akaacha kuja. Kikundi kikasema amekasirika kwa ajili ya mambo ya michango. Nikaenda kumtembelea peke yangu. Chumba kilikuwa kimya, tumeketi tunatazamana, na tulizungumza mchana kutwa bila shida yoyote. Hasira hakuwa nayo hata chembe. Watu wanane wakisema kwa pamoja ndio waliomshinda.

Kinachopotea ni nini

Ukilielewa hili, mengine yote yatakuja yenyewe. Uzee hauzimi sauti zote kwa pamoja. Huanza na sauti nyembamba, zile za juu. Irabu, yaani a, e, i, o, u, ni nzito na zina nguvu, hizo anazipata. Konsonanti kama s, f, t na sh ni nyembamba na dhaifu, hizo zinamponyoka. Ndiyo maana atakuambia, "Nakusikia, ila sikuelewi," na anasema kweli tupu. Ndiyo maana pia sauti za watoto na za wanawake wengi humpa tabu zaidi.

Laini za simu za zamani zilikuwa na kasoro hiyo hiyo. Zilipitisha sauti za kati ya mitetemo 300 na 3,400 kwa sekunde (Hz) tu, na sehemu kubwa ya sauti ya s iko juu ya hapo. S na f zilikuwa zikifika kama kitu kimoja, ikawa hatumalizi jina la mteja bila kulitaja herufi kwa herufi. Sikio lililozeeka ni laini kama hiyo, na adui yake mkubwa ni saa. Linganisha "saa sita" na "saa tisa": irabu ni zile zile kwa mpangilio ule ule, tofauti yote imebebwa na s na t. Hapo ndipo mtu anapowatangulia wenzake kwa muda wa saa tatu, au anapofika baada ya wenzake kuondoka, kisha anaambiwa ameanza kusahau. Ukimpa mzee mwenzako miadi, usitaje saa peke yake. Sema "saa sita, adhuhuri" au "saa tisa, alasiri". Neno la pili linalilinda la kwanza.

Namna ya kusema naye

Anza kwa kumwita jina, kisha ngoja akutazame. Nusu ya kazi imeisha hapo. Sentensi unayoianza kabla hajakuelekea, kichwa chake kimeshapotea, na mkia peke yake haumsaidii. Kaa mbele yake, karibu, kama umbali wa mkono au miwili. Mwanga uangukie uso wako. Ukiketi na dirisha mgongoni yeye anaona kivuli tu, ilhali midomo yako inamsaidia kuliko anavyojua. Usizibe mdomo kwa kiganja, usitafune, na usiendelee kusema huku umeinama kutafuta kitu mkobani.

Usipige kelele. Hili ndilo kosa la watu wenye nia njema. Ukipaza sauti, irabu ambazo tayari anazipata ndizo zinazonenepa, na konsonanti zinazidi kufunikwa. Uso nao hukunjamana, naye anaona kama anagombezwa. Isitoshe, masikio mengi ya wazee yana tabia hii: sauti ndogo hayaipati, na kubwa ikizidi kidogo tu inauma. Tumia sauti yako ya kawaida, iliyo wazi kidogo zaidi, punguza mwendo, na pumzika mwisho wa kila wazo. Usikate silabi moja moja kama unamfundisha mtoto kusoma. Neno lililokatwakatwa halitambuliki, na linamdhalilisha.

Asipopata, rudia mara moja. Asipopata tena, badilisha maneno. Kama "kesho tunaenda kumsalimia mgonjwa" haikupita, sema "yule mwenzetu aliyelazwa, tutamtembelea kesho". Huenda ni neno moja tu lililogoma, na ukilirudia lile lile mara nne litagoma mara nne.

Mkibadilisha mada, mtangazie: "Sasa tunazungumzia safari." Akiijua mada, akili yake inajaza mapengo yenyewe.

Kwa jambo lisilotaka makosa, iwe namba, tarehe au dawa, fanya tulivyofanya kwenye swichibodi: mwombe akurudishie. Usimuulize "umesikia?" kwa sababu kila mtu hujibu ndiyo, kwa adabu au kwa aibu. Muulize, "Hebu niambie mzee mwenzangu, tumepatana lini?" Namba ndefu zitaje tarakimu moja moja, au ziandike. Kalamu na kikaratasi mfukoni si aibu kwa yeyote.

Kisha kuna maneno nisiyotaka kuyasikia kabisa: "Basi, acha, haikuwa na maana." Wenzake wamecheka, yeye anauliza wamechekea nini, anajibiwa hivyo. Usifanye hivyo. Hata kama ni upuuzi, mrudishie upuuzi huo wote kwa ukamilifu wake. Ana haki ya kucheka nao.

Mkiwa wengi

Kikundi kinataka utaratibu kidogo, na mtu mmoja wa kuusimamia bila kumtaja mwenye shida. Zimeni redio na televisheni, msipunguze tu sauti. Ketini kwa duara ili kila uso uonekane. Yeye apewe kiti chenye ukuta nyuma, kelele zije kutoka upande mmoja tu, na sikio lake zuri lielekee watu. Vyumba vitupu vyenye sakafu ngumu vinarudisha mwangwi. Pazia, mkeka au zulia vinasaidia sana.

Mmoja aseme, wengine wangoje. Wazee tuliozoea kudakiana maneno hili linatuwia gumu, lakini linawezekana: anayetaka kusema ainue mkono kidogo. Mkono ule unamwonyesha pia wapi pa kutazama. Aliyeketi jirani yake apewe jukumu dogo la kumdokezea akipotea, kwa maneno matatu manne: "Wanazungumzia mkutano."

Na mkitembea pamoja, tembea upande wa sikio lake zuri. Likija jambo zito, simameni mtazamane. Mwendo, upepo na magari havifai kwa habari ya msiba.

Kumwambia ukweli

Mwambie faraghani, kamwe si mbele ya wajukuu. Mimi kwa muuguzi wetu nilianza hivi: "Dada yangu, tukiwa wawili unanipata vizuri, tukiwa wengi naona unapata tabu. Mimi nataka urudi. Twende tukapimwe masikio, na mimi nitapimwa." Yale ya mwisho yalikuwa ya kweli, maana katika umri wetu kila mmoja anahitaji kipimo hicho. Nilikwenda naye, na kuwa wawili kwa daktari ni vizuri, kwa sababu pale pia kuna maneno ya kusikia.

Mara nyingine tatizo ni nta iliyoziba tu, jambo la kawaida kwa wazee, na mhudumu wa afya huitoa kwa muda mfupi. Vijiti vya pamba visiingie sikioni kabisa, maana vinaisukuma nta ndani zaidi. Daktari aelezwe dawa zote anazotumia, kwa kuwa baadhi hudhuru masikio. Asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake. Lakini sikio likizima ghafla, ndani ya saa chache au siku mbili tatu, hasa moja peke yake, usiseme ni uzee. Mpeleke siku hiyo hiyo. Tiba ya hali hiyo hufaa zaidi ikianza mapema, na kila siku inayopita inapunguza nafasi ya kupona.

Akiuliza kwa nini ahangaike, mpe sababu moja ya kitabibu: mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau na ambayo yanaweza kushughulikiwa. Upungufu wa kusikia ni mojawapo. Haina maana kwamba kila mwenye sikio zito atasahau. Ina maana kwamba inafaa kushughulikiwa.

Akipewa kifaa cha kusaidia kusikia, wiki za kwanza ndizo ngumu. Atasikia viatu vyake, karatasi, maji ya bomba, na vyote vitamkera, kwa sababu ubongo umezoea ukimya. Avae saa chache nyumbani, aongeze siku hadi siku, ndipo aje nacho kwenye kikundi. Kikipiga mluzi, huenda hakikukaa sawasawa au kuna nta. Arudi kikarekebishwe, na arudi tena. Vifaa vingi vimelala kwenye droo kwa kukosa marekebisho ya pili. Betri zile ndogo zenye kibandiko, akikibandua angoje kama dakika moja hewa iingie kabla ya kuiweka. Na azifiche mbali na watoto wadogo, kwa kuwa zikimezwa ni hatari kubwa.

Kwa simu, anza kwa kujitaja jina na kusema unachotaka kuzungumzia, kisha endelea. Simu ya video ni bora kwa sababu ya midomo. Habari za miadi zifuate kwa ujumbe mfupi ulioandikwa.

Akikataa kupimwa, usivunje urafiki kwa hilo. Wengine huhitaji miezi, wengine miaka. Yote niliyoeleza kuhusu kusema naye hayahitaji ruhusa yake wala daktari, kwa hiyo wewe endelea nayo. Mtembelee peke yako, mahali patulivu, asubuhi kabla hajachoka. Mpe habari za kikundi kwa ukamilifu, nani kasema nini na nani kajibu nini, ili akija ajue mazungumzo yamefika wapi.